Mlango wa Bibi Biasha

Bibi Biasha alizeekea katika nyumba isiyo na mlango. Pa kuingilia palining'inia mkeka, basi.

Msiseme umaskini. Sisi wajukuu tulimchongeshea mlango wa mninga, tukaubeba kutoka mjini Masoko mpaka kijijini kwake Pande. Akautazama, akatutimua sisi na mlango wetu.

Sikilizeni kisa chenyewe.

Mwaka ule wa kuhamishiwa vijijini, lori lilifika shambani kwake asubuhi. Biasha alikuwa mjane, bado kijana, hana mtoto. Mgambo walishaezua paa lake ili asije akarudi.

"Beba vyako, dada, twende!"

Wenzake walibeba majembe, vyungu, kuku. Yeye akang'oa mlango ambao marehemu mumewe aliuchonga kwa mkono wake.

Lori zima likacheka. "We Biasha, utafungia upepo?"

"Penye mlango mtu hupiga hodi," akajibu. "Pasipo mlango wanaingia tu, kama hawa mgambo walivyonivamia leo."

Walishushwa kwenye pori lililofyekwa. Vigingi vya viwanja vilikuwepo, kibanda hata kimoja hakuna. Jengo lilikuwa moja tu, ghala la korosho la kijiji, lina bati na kufuli. Na mawingu ya masika yameshatanda.

Biasha akasimamisha mlango kwanza, kabla ya nguzo yoyote. Nyuma yake akaegesha fito na jamvi. Wapita njia walivunjika mbavu.

Ndipo akaja Yustina. Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, kakimbia vita vya Mreno, mumewe kapotelea njiani, mimba imefika mwisho. Kila kiwanja alichogusa alifukuzwa. "Wakimbizi wana kambi yao!"

Angeweza kuzunguka tu akajilaza chini ya jamvi. Hakuzunguka. Alisimama mbele ya mlango ule usio na ukuta, akasema taratibu:

"Hodi wenyewe."

Biasha akaangua kilio. Tangu lori lije, hakuna binadamu aliyemwomba ruhusa ya kitu chochote.

"Karibu, mdogo wangu. Karibu ndani."

Ndani! Jamani, ndani gani?

Mvua ikaanza kabla hawajapata makuti. Jamvi likaloa, chini pakawa tope, na uchungu ukamshika Yustina. Biasha akakimbia kwa mwenyekiti wa kijiji, maji yanamchuruzika.

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti. Nifungulie ghala. Kuna mtu anajifungua topeni."

"Marahaba. Raia?"

"Mkimbizi."

Mwenyekiti akakuna kichwa. Hakuwa katili yule baba, alikuwa mwoga tu. "Ghala la umma hilo, Ndugu Biasha. Raia wenyewe wanalowa, nikimweka mgeni watanielewa? Ngoja kikao."

"Mtoto hangoji kikao!"

"Kesho asubuhi, inshallah."

Biasha alimpigia magoti. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kiunoni mwa yule bwana, anauona kwa macho yake. Akarudi mikono mitupu, analia kwa hasira.

Mtoto alizaliwa chini ya jamvi. Biasha akamviringisha kwenye kanga pekee iliyobaki kavu. Lakini Yustina alitetemeka, na damu haikukata.

"Dada," alisema, "huyu asifukuzwe."

Hakusema tena.

Asubuhi mwenyekiti alikuja mbio, ufunguo mkononi. Kikao kimekubali! Akasimama mbele ya mlango, mvua inampiga.

"Hodi!"

Akagonga ubao wa mlango.

"Hodi, Ndugu Biasha! Mleteni mgonjwa!"

"Umechelewa," Biasha akajibu kutoka nyuma ya mlango. "Tuletee jembe."

Kijiji kizima hakikuwa na ubao wa jeneza. Biasha akaung'oa mlango wake mwenyewe. Ukalazwa juu ya Yustina kaburini, udongo usimwangukie usoni.

Nyumba ilipokamilika, majirani waliuliza, mlango je?

"Ninao, anao mdogo wangu. Hapa kwangu anayenyeshewa apite tu, asisimame nje kupiga hodi."

Alitusimulia haya siku ile, sisi tumesimama uani na mninga wetu kama mazuzu. Mama yetu, mtoto pekee wa Bibi, alikuwa pembeni anajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Bibi Biasha aliswali swala tano mpaka anakufa. Mama yetu anaitwa Yustina.

Wewe mwenye ufunguo leo, mvua ikinyesha usiulize raia au mkimbizi. Fungua kwanza, kikao mtakaa mkiwa mmekauka.