Chai Iliyorudishwa Mlangoni

Siku hiyo naikumbuka kwa harufu ya mandazi, mwanangu. Tulikuwa kwenye mkutano wa idara, chuo kikuu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa mhadhiri msaidizi, mdogo kuliko wote mezani, mwenye mkataba wa mwaka mmoja tu. Sisi wadogo tuliandika upya maelezo ya kozi, na wakubwa wakayapitisha. Usinicheke. Hata huko kazini kwako yupo anayepika na yupo anayepakua.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Kozi yetu ya afya ya mazingira ilikuwa ibadilishiwe masharti ya kujiunga. Mwenyekiti wa idara alitaka, kuanzia mwaka uliofuata, asiingie mtu ila aliyefanya fizikia peke yake na kemia peke yake sekondari. Alisema ni kuinua hadhi ya kozi. Hadhi gani! Shule za watu wetu wa mitaa ya mabanda hazikuwa na maabara. Huko fizikia na kemia zilifundishwa kama somo moja, nasi wanafunzi tuliliita githeri, kama mahindi na maharagwe yaliyochemshwa chungu kimoja. Tulifanya mtihani wa taifa kwa githeri hiyo, tukapita, na baadhi yetu tukafika chuo, mimi nikiwa mmoja wao. Sasa mlango niliopitia mwenyewe ulikuwa unafungwa, na kalamu ya kuufunga nimepewa mimi.

Na aliyekuwa aachwe nje nilimjua. Jirani yetu huko mtaani Gatwekera, walikoishi wazazi wangu, alikuwa na binti, Akinyi, kidato cha nne katika shule moja ya Riruta, kichwa chepesi na mdomo mwepesi zaidi. Tangu kidato cha pili aliapa kusomea kozi ile ile, arudi awaulize wakubwa wa jiji kwa nini bomba la maji ya kunywa limepitishwa ndani ya mtaro wa maji machafu. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Kawangware, na kila nikienda kuwaona wazazi wangu Gatwekera alinikimbilia. "Niaje, sista Nekesa! Hiyo kozi bado iko? Msiifunge kabla sijafika!" Shule yake ilikuwa ya githeri.

Jumapili kabla ya mkutano nilimweleza baba. Alikuwa seremala, mzaliwa wa magharibi ya nchi, mpole, aliyeishi vyumba vya kupanga kwenye ploti za watu tangu ujana wake. Akaweka randa chini.

"Nekesa, sikiza. Mtu wa kupanga hapigani na mwenye ploti. Utatupiwa vitu nje. Mkataba wako unaisha lini?"

"Desemba, baba."

"Basi funga mdomo mpaka Januari. Mwenye nguvu mpishe."

Sikumlaumu. Nimekua nikiona magodoro ya watu yakirushwa kwenye tope kwa sababu mama fulani alimjibu mwenye ploti neno moja. Lakini nilikasirika, mwanangu. Nikamwambia, "Baba, pale mimi si mpangaji." Akaichukua randa yake akaendelea na mbao.

Sasa acha nikufunulie jambo kuhusu mikutano ya wasomi. Mwenyekiti wetu alikuwa na desturi yake: mambo magumu aliyaweka mwisho, chai ikiwa mlangoni. Mama wa chai akitia tu pua na sinia ya mandazi ya moto, watu wenye shahada zao tatu tatu wanasahau walikuwa wakibishania nini. "Tumekubaliana?" "Tumekubaliana!" Haoo, kwenye vikombe. Mambo mangapi yalipita kwa mandazi, Mungu ndiye ajuaye.

Siku hiyo ikawa vivyo hivyo. Sinia ikaingia nusu, mwenyekiti akasema upesi, "La mwisho, masharti ya kujiunga, tunapitisha kama yalivyo?" Nikasimama. Magoti yalitetemeka, sikufichi. Nikaenda mlangoni nikamwambia yule mama, "Mama, samahani sana, irudishe chai kwanza. Kuna kazi haijaisha." Akanitumbulia macho, kisha akarudi nyuma na sinia yake. Nikafunga mlango.

We! Chumba kizima kikaniangukia. "Nekesa, umepagawa?" "Huyu ametumwa na nani?" Nikabaki pale pale, mgongo kwenye mlango. Nikasema, "Kozi hii naifundisha mimi, na nyinyi ndio mlioniajiri. Niliingia chuo hiki kwa somo mnalotaka kulikataa. Kama halitoshi, anzeni na mimi. Nifuteni kazi mimi kwanza, halafu mnywe chai."

Mwenyekiti akasema waliofanya somo hilo husumbuka na hesabu mwaka wa kwanza. Hapo alisema kweli, maana hata mimi nilisumbuka. Nikamjibu, "Basi kinachopungua kifundishwe. Nitakifundisha mimi, Jumamosi asubuhi, bure." Tukabishana mpaka mandazi yakawa mawe huko nje. Mwishowe yakapitishwa haya: fizikia na kemia, au somo la mchanganyiko pamoja na masomo ya nyongeza ya muhula mmoja. Nadhani wengine waliniunga mkono kwa njaa tu. Shauri yao, kura ni kura.

Nilipomsimulia baba, hakunisifu wala hakunigombeza. Aliuliza kitu kimoja tu. "Na chai?"

"Ilipoa, baba."

Akacheka mpaka akashika meza. "Wacha ipoe! Wanywe hivyo hivyo baridi!"

Mkataba waliniongezea, maana nani mwingine angefundisha Jumamosi bure? Lakini cheo kilinipita miaka na miaka, na waliokuja nyuma yangu wakapanda wakinipungia mkono. Sijuti hata chembe. Akinyi aliingia. Aliketi mstari wa mbele kila Jumamosi, akiniuliza maswali mpaka kichwa kikaniuma.

Mwanangu, wapo watakaokuambia funika kombe mwanaharamu apite. Mimi nakuambia lifunue. Ukiitwa mezani, soma sharti la mwisho kabla hujagusa kikombe, na ujiulize ni nani anaachwa nje. Ukimjua, simama. Usipomjua, simama vilevile, maana kila ploti ina Akinyi wake. Waheshimu wakubwa, lakini heshima si kumeza ulimi. Na mahali ulipoingia kwa jasho lako, usikae kama mpangaji anayeogopa kutupiwa vitu nje.

Mungu akupe magoti yanayosimama hata yakitetemeka. Na siku chai yako itakapopoa kwa ajili ya mwenzako, uinywe baridi hivyo hivyo, na ikukolee.