Kumi na Moja Katika Wingu

Ipo siku moja ambayo nikifumba macho bado inanuka mayai yaliyooza, mwanangu, na leo imenirudia kwa sababu ya vumbi. Tangu asubuhi mtaa wetu wote wa Abu Hamour umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Msikiti wa ng'ambo ya barabara hauonekani, nasikia tu adhana ikitoka mahali fulani humo ndani. Wewe hujazaliwa bado, nami nina miaka kumi na sita na hata kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda msalani ni kazi. Lakini daftari hili nitakutunzia, kwa hiyo nisikilize kama unavyomsikiliza mtu mzima.

Mwaka jana shule ilitupeleka Japani, wanafunzi kumi na wanne, na siku moja ikatengwa ya kupanda mlima wa volkano na kurudi. Mimi nimekulia hapa Doha, nchi iliyolala kama meza. Mazoezi nilifanyia kwenye ngazi za jengo letu, ghorofa sita juu, sita chini, na mfuko wa mchele mgongoni. Natoor wetu, yule mzee anayelinda mlango, aliniuliza kila jioni kama lifti imeharibika tena.

Aliyetuongoza mlimani aliitwa Bi Haruko, mama mwenye mvi, mfupi kuliko mimi, na kwenye begi lake alining'iniza kengele ndogo ya kufukuzia dubu. Kabla hatujaanza kupanda alitupanga mstari, akampa kila mtu namba. Akatuambia kwa Kiingereza cha polepole kwamba kila atakaposimama ataita, nasi tutajibu namba zetu kwa zamu, kila mtu kwa lugha ya kwao. Mimi nikawa wa kumi na moja. Nyuma yangu, wa kumi na mbili, alikuwa Achieng anayekaa Al Rayyan, rafiki yangu na Mkenya mwenzangu, msichana ambaye hata akinong'ona anasikika chumba cha pili. Katika kundi zima, wenye Kiswahili tulikuwa sisi wawili tu.

Namba zikaanza kuja, Kiarabu, Kihindi, Kitagalogi. Zilipofika kwangu watu wote wakageuka kunitazama, nami nikatoa pumzi tu.

"Umesema ama umepumua?" Achieng akaniuliza.

"Nisemee, tafadhali."

"Wee! Kwani mimi ni mdomo wako?"

Lakini alikuwa anacheka. Akatoa kisauti chembamba kama cha paka, "Kumi na moja!" kisha akarudia sauti yake mwenyewe, "Kumi na mbili!" Bi Haruko, kule mbele, akaitikia kwa kichwa, tukaenda. Kila tuliposimama ikawa hivyo hivyo. Nilipanda karibu mlima mzima bila kufungua mdomo, nikajiona mjanja.

Na mlima wenyewe, sijui nikueleze vipi. Miti ilifika mahali ikakoma tu, kama imekatazwa kupita. Tukatembea juu ya changarawe nyekundu na nyeusi, nyepesi, zikilia chini ya viatu kama mkaa unaopondwa. Moshi mweupe wenye harufu ya mayai yaliyooza ulitoka ardhini kidogo kidogo, ukinyamaza, ukitoka tena. Niliona kama natembea juu ya tumbo la mtu aliyelala, nikawa nakanyaga polepole nisimwamshe.

Juu kabisa kuna shimo kubwa, na ndani yake, mbali chini, ziwa la kijani lisilo na kiumbe. Wenzangu walipokuwa wakinywa maji nilisogea pembeni kulitazama. Nilitazama mno. Wingu likapanda kutoka bondeni bila sauti, likalifunika ziwa, likanifunika na mimi. Nilipogeuka hapakuwa na mtu. Hata miguu yangu niliiona kwa shida.

Kwa mbali nikasikia kengele ya Bi Haruko ikitembea. Ikasimama. Akaita, na namba zikaanza: tisa ya mtu, kumi ya mtu. Kisha kile kisauti cha paka, "Kumi na moja!" Achieng alidhani niko mbele yake humo ukunguni, akajibu kwa mazoea. "Kumi na mbili!" Namba mbili za mwisho zikafuata, na kengele ikaanza kwenda zake.

Mwanangu, nilijisikia nikijibu. Mimi yule nilikuwa salama, nimehesabiwa, nashuka na wenzangu. Huyu aliyebaki ukingoni hakuna aliyejua kwamba yupo.

Bi Haruko alikuwa ametuonya: ukiacha kuwaona wenzako, usipige hata hatua moja, ita. Kusimama nilisimama. Kuita ndiko kulikonishinda. Mara ya kwanza ilitoka hewa tu. Mara ya pili ikatoka sauti ya mgonjwa. Kengele ilikuwa inazidi kufifia. Mara ya tatu nikapaza sauti, "Kumi na moja! Kumi na moja!" mpaka kifua kikauma, na kengele ikanyamaza. Kisha ikaanza kurudi.

Alikuja akanishika mkono bila kufoka. Aliyefoka ni mwalimu wetu, na alimfokea Achieng: ameleta mchezo mlimani, hatasafiri tena na shule. Achieng, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa ameinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Mimi ndiye niliyemwomba," nikasema. Wote wakageuka kunitazama. "Tangu chini."

Bi Haruko aliinua kichwa kidogo akanitazama usoni. "Idadi naweza kuipata kwa macho," akasema. "Nikiita, nasikiliza nani amechoka, nani anatetemeka, nani anaumwa kichwa na anaficha. Wewe nimekupandisha huku juu sikujui." Akaniweka mbele, nyuma yake tu, na njia nzima ya kushuka nikajibu mwenyewe.

"Kumbe sauti unayo," Achieng akanong'ona, na mstari mzima ukamsikia. "Nilidhani ni volkano."

Bibi yako ni muuguzi. Akitoka zamu huvua viatu mlangoni na kuita, "Mpo?" Miaka yote kaka yangu ndiye aliyejibu, "Tupo!" nami nikakaa kimya chumbani, nikijua nimeshahesabiwa. Siku hizi najua anachosikiliza.

Basi ninalokuusia ni hili. Ukiwa mpole, kuwa mpole; umenirithi, utafanyaje. Lakini ukiitwa jibu mwenyewe, hata kama sauti inakwaruza, na mtu asikujibie kwa kukupenda. Na yeyote akiingia matatani kwa ajili ya kimya chako, fungua mdomo kabla hajafuta machozi.

Mungu akujalie sauti inayotosha kufika, na watu watakaosimamisha kengele wakiisikia.

Mlango umelia. Viatu vinavuliwa. Ngoja nijibu.