Makaa Ndani ya Pasi

Umeme ukikatika, binti yangu hutoa pasi ya makaa, na harufu yake hunirudisha kwenye baraza yetu ya Ibanda. Jioni moja dada yangu mdogo alikuwa akipiga pasi shati langu la shule, nyota zikianza kutoka. Aliipungapunga pasi ipate hewa. Makaa yakang'aa karibu kuwa meupe, kisha yakarudi mekundu.

"Yaya, angalia ile nyota nyekundu," akaniambia; kwetu kaka au dada mkubwa huitwa yaya, na makaa huitwa makala. "Iko inapoa sawa haya makala? Iko inazeeka?"

Sikujua. Lakini nilikuwa sekondari, na marafiki zangu walikuwa wamekaa pale.

"Profesa wa makala," nikamjibu, "maliza shati."

Wakacheka. Tangu siku ile hakuniuliza kitu tena.

Juzi mjukuu wangu alisoma somo lake kwa sauti: nyota nyeupe zina joto kali kuliko nyekundu, na nyekundu nyingi tunazoziona kwa macho ni zile zilizozeeka, zikavimba na kupoa. Nilimwomba arudie. Kisha nikampigia simu dada yangu, anayeishi Kavumu.

"Ile nyota ilikuwa inazeeka kweli," nikamwambia. "Mimi ndiye sikujua."

"Nyota gani, yaya?"