Boksi la Mashine

Mama jirani halimi bustani yake. Hutandaza maboksi matupu juu ya udongo, akayalowesha, akafunika kwa majani makavu, kisha akapanda humo humo. Namwona kupitia uzio akitia kidole udongoni taratibu, kama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Husema magugu yamelala humo chini, na aliyelala usimwamshe.

Juzi mwanawe alimletea mashine ya kulimia, akaiwasha kwa majigambo. Mama akasimama mbele ya tuta, mikono kiunoni. "Asante, baba. Izime kwanza, ipumzike na safari." Kijana alipoondoka, mama akaifuta vumbi, akaifunika shuka safi.

Leo kijana kapiga simu. "Mama, mashine inasaidia?"

"Mno, mwanangu," akajibu, huku akilitandaza boksi la mashine kwenye tuta. "Magugu yatakoma."