Maua ya Maji

Asubuhi ile mimi na bibi yangu, mke wangu Mama Salima, tulikuwa tunabishana juu ya chupa. Nilikuwa fundi wa maji hapa Kasongo, kwenye kituo kidogo kando ya kijito. Nimesoma miaka miwili tu. Nilianza kwa kubeba mchanga wa kuchujia, lakini mkubwa wetu, mwenye vyeti vyake, alikuwa ananiuliza mimi.

Maji ya kijito tuliyaita mabichi. Tulitia shabu, ile chumvi nyeupe, na tope linajikusanya vipande laini kama pamba, linashuka chini. Vipande hivyo tuliviita maua. Shabu ikizidi au ikipungua, maua hayatoki, kwa hiyo nilijaribu kwanza ndani ya chupa.

Mama Salima aliniletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, akainua chupa kwenye jua.

"Iko na maua."

"Bado."

"Macho yako imezeeka, Baba Salima. Kwenu Nyangwe mulizoea kunywa tope, ndiyo maana hauoni kitu."

Maua yalikuwapo. Sikumwambia.

Baada ya maua na mchanga, nilitia klore, unga wa kuua ugonjwa. Hiyo niliitia peke yangu, mlango umefungwa. Inawasha macho, na macho ya bibi yangu sikutaka yaguswe.

Saa sita pikipiki zikaingia kutoka upande wa Kabambare, zimebeba watu na magodoro. Wakasema wenye bunduki wako nyuma yao.

Mkubwa akaondoka bila kuaga. Hospitali, iliyotegemea maji yetu, ilikuwa imejaa wagonjwa. Nikasema mimi sitoki.

Mama Salima na binti yetu Salima, mtu mzima tayari, niliwaambia waende Nyangwe kwa dada yangu. Nikawafungia shabu ndani ya kitambaa.

"Tia kidogo, ngoja maua yashuke. Maji yakiwa meupe, yameiva. Munywe."

"Unanifundisha mimi?" akasema bibi yangu. "Wewe angalia chupa yako vizuri."

Bunduki zikalia upande wa soko.

Wakaondoka.

Pipa la klore lilikuwa nyuma ya mlango, hatua kumi kutoka pale tuliposimama.

Wenye bunduki walifika kituoni kesho yake. Mmoja akajaza kikombe.

"Kunywa wewe kwanza."

Nikanywa. Akanywa. Wakaniacha nifanye kazi.

Mapigano yalipotulia, Salima alirudi peke yake. Alisimama karibu na matangi, hakukaa.

"Watu walijaa Nyangwe, baba. Wote tuliteka maji palepale mtoni. Mama alitia shabu kila siku. Majirani waliharisha, tukaambiwa tuchemshe. Yeye akakataa. Akasema, mume wangu ni fundi, aliniambia yakiwa meupe yameiva."

"Na wewe?"

"Mimi niliugua pamoja naye, nikapona peke yangu."

Nilikuwa na ujuzi wote, nikampa nusu. Hakuna aliyenidanganya, hakuna aliyenizuia. Wale wa bunduki wana madhambi yao, hili ni langu.

Hospitali haikukosa maji safi hata siku moja. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na ningesema mbele ya mtu yeyote.

Mpaka leo kituo ni changu. Asubuhi natia shabu, nainua chupa kwenye jua. Macho yamezeeka kweli sasa. Hata maua yakionekana wazi, nasema "bado", halafu nangoja anibishie.