Mtoto Aliyebaki Kwenye Orodha

Niliporudi Tabora kutoka Dar, nilipata kazi kwenye kliniki ya mama na mtoto, hatua chache kutoka nyumbani kwetu Mtendeni. Kazi yangu ilikuwa kuyahamishia madaftari kwenye kompyuta. Aliyeyatunza madaftari hayo alikuwa muuguzi mmoja mwembamba, aliyekaribia kustaafu, ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi. Mimi nilimwita mama, yeye aliniita mwanangu, na wiki mbili za mwanzo hakuniruhusu kufungua daftari lolote bila yeye kukaa pembeni yangu.

Sikuwa mtaalamu wa kuandika programu. Nilitegemea akili mnemba, yule msaidizi wa kwenye kompyuta ambaye unamwandikia unachotaka naye anakuandikia programu. Nilimweleza kwa Kiswahili cha kawaida kwamba nataka kina mama watumiwe meseji siku mbili kabla ya tarehe ya kliniki. Kazi niliyodhani itanichukua miezi ikaisha ndani ya siku chache. Nilijiona fundi kwelikweli.

Meseji ya kwanza ilianza hivi: "Mteja mpendwa, unakumbushwa kuhudhuria." Mama aliisoma, akacheka mpaka miwani ikamteleza.

"Mteja? Kwani hapa dukani? Mwanangu, mama wa kijijini akiipata hii atajua ni watu wa mtandao wa simu. Futa."

Akanitamkia yake polepole, nami nikaandika: "Habari za nyumbani, mama. Mtoto anaendeleaje? Tunamsubiri kliniki, tumpime uzito na kumpa chanjo. Karibuni sana." Mahali pa neno mtoto, mfumo uliweka jina la kila mtoto. Zilipoanza kwenda, benchi la nje likawa linajaa kabla jua halijapanda.

Kuna jambo sikumwambia. Siku ile tulipokuwa tunaandika programu, msaidizi aliniuliza: "Je, kuna hali ambazo meseji zinapaswa kusimama, kwa mfano familia ikihama au mtoto akifariki?" Mkuu wa kliniki alitaka kuuona mfumo mchana uleule. Nikajibu kwamba hilo tutaliangalia baadaye, kisha nikalisahau.

Jumatano moja simu ya kliniki ililia, mama akaipokea. Aliyepiga alikuwa mwanamume wa Goweko, kijiji kilicho kando ya reli. Hakufoka. Alisema mke wake amepata meseji ya kumuulizia mtoto wao anaendeleaje, na mtoto huyo walishamzika, alichukuliwa na homa. Tangu asubuhi mkewe amekaa na simu mkononi, hali wala hasemi. "Naomba tu msitutumie tena," alisema.

Mama alikata simu, akaniangalia. Nikamweleza kuhusu lile swali nililoliruka. Nilingoja anigombeze. Badala yake alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni.

"Mimi habari za msiba nilizipata," alisema. "Niliziandika kwenye daftari langu kama nilivyozoea, nikanyamaza. Kesho tunakwenda."

Tulikwenda na gari la kliniki. Tulimkuta mke wa yule bwana uani, karibu na bani la kukaushia tumbaku, amekaa kwenye mkeka. Alikuwa rika langu. Alimwamkia mama shikamoo kwa sauti ndogo, akatusogezea mkeka.

"Ile meseji niliitengeneza mimi," nikasema. "Niliulizwa kuhusu jambo kama hili nikaliacha, kwa haraka zangu. Nisamehe, dada."

Akaitoa simu kwenye pindo la kanga, akanionyesha. Ile meseji hakuwa ameifuta.

"Nililia sana," alisema. "Lakini tangu tumzike, hakuna mtu aliyemtaja jina. Wote wananiambia nisahau, nitapata mwingine. Hii ndiyo imemtaja. Nikasema, kumbe kuna mahali bado yupo." Akanitazama usoni. "Msinitumie tena, mume wangu amesema kweli. Ila usimfute."

Mama alihama pale alipokaa, akaenda kukaa bega kwa bega naye, akaushika mkono wake. "Hebu nisimulie," alimwambia. "Alikuwa anapenda nini?"

Akatusimulia kwamba mtoto alikuwa akilia, treni ikipita ananyamaza, anakodoa macho kuelekea kwenye reli. Akamwigiza jinsi alivyokodoa, akacheka, akalia, mama akalia naye. Hatukuondoka mpaka alipotuletea matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, naye akala kidogo pamoja nasi.

Niliporudi ofisini nilimwandikia msaidizi kila kitu, kirefu, kama mtu anayeandika barua. Alinipendekezea njia rahisi: jina libaki, meseji zisimame, na muuguzi apewe taarifa siku hiyohiyo. Akaniuliza pia ni nani atakayemtembelea mama wa mtoto. Safari hii nilijibu kila swali, na mama alikaa pembeni tukajaribu mfumo mara kadhaa kabla ya kuuwasha tena. Tangu hapo, taarifa ya namna hiyo ikija, mama anachukua kanga yake na kwenda mwenyewe.

Baada ya msimu wa kuuza tumbaku, yule dada alikuja mjini, akapita kliniki. Hakuwa na shida ya matibabu. Aliomba kumwona mtoto wake kwenye kompyuta. Nilimvutia kiti, nikamfungulia ukurasa: jina, tarehe ya kuzaliwa, uzito wa mara tatu alizopimwa. Aliinama karibu na kioo, akasoma jina herufi moja moja, midomo ikicheza.

"Umekosea," akasema. "Hapa katikati, herufi hii siyo."

Nikampisha kwenye kibodi. Alitafuta herufi kwa kidole kimoja, akaibonyeza, kisha akasoma tena jina zima kwa sauti.