Kamati ya Mbuzi na Kobai wa Mama

Kwetu mtu hanunui mbuzi kabla ya kuunda kamati. Mbuzi anaweza kungoja, vyeo haviwezi. Kwa hiyo Jumapili ile mume wangu alipotangaza kwamba familia yetu inaingia katika ufugaji, tulikusanyika sebuleni, ghorofani kwetu mtaa wa Point, Durban, tukafungua kwa sala, na kabla chai haijapoa tulikuwa na rais, makamu wa rais, mweka hazina na mshauri. Rais alikuwa mume wangu, fundi wa simu katikati ya mji, ambaye mnyama wa mwisho kumshika alikuwa kuku wa Krismasi, tena ameshanyonyolewa. Makamu alikuwa mdogo wake. Mimi nina saluni, nikapewa hazina, maana mtu anayesuka nywele za watu kutwa nzima hakosi cha kuchangia. Mama yangu mzazi akawa mshauri, cheo cha mtu ambaye hataulizwa kitu.

Na yeye ndiye aliyekuwa sababu ya yote. Tulimleta Durban vita ilipoingia mjini kwetu Kivu, na tangu siku hiyo hakuwa amekubali kwamba amefika. Begi lake lilikaa nyuma ya mlango. Asubuhi alitoa nguo ya kuvaa. Ikishafuliwa na kukauka, aliikunja na kuirudisha humo humo. Kabati tulilomnunulia lilibaki tupu, likinuka rangi. Hakulalamika, na mimi ningefurahi kama angelalamika. Alisema tu, kwa utulivu wa mtu aliyeko kituoni:

"Miye narudia kwetu. Baba yenu iko peke yake kule. Nani anamuchunga?"

Baba yetu yuko kaburini, kwenye kilima nyuma ya nyumba, na kwa ninavyojua mimi, yeye ndiye pekee katika ukoo wetu ambaye hahitaji tena kuchungwa. Lakini jaribu kumwambia hivyo mjane wake. Ndugu zangu walimpigia simu kumweleza kwamba nyumba ina watu wenye bunduki. Akawajibu kwamba wenye bunduki hupita, ila majani yakishafunika kaburi hakuna atakayejua mtu amelala wapi. Niliogopa. Kila jioni nikipanda ngazi kutoka kazini, niliogopa kufungua mlango na kukuta begi halipo.

Siku moja tulikuwa tukimenya viazi akaniambia, "Mutu asiyekuwa na kitu kinakula mu mukono yake, ule iko mugeni tu. Miye niko mugeni hapa."

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na sisi tulikuwa tumempa televisheni. Nilimfikishia mume wangu maneno hayo nikitarajia atanunua kuku wawili. Yeye akaunda serikali.

Muumini mwenzetu alituazima kipande cha ardhi nje ya kitongoji cha Chatsworth, mteremko mkali kiasi kwamba ukitua ndoo ya maji inabidi uishikilie. Hapo ndipo Rais alipotaka kuweka ng'ombe. Makamu alitaka nguruwe kwa kuwa alikuwa ametazama video. Nilipotaja kuku niliambiwa kwa upole kwamba kazi ya hazina ni kutoa, si kupendekeza. Wakaafikiana mbuzi, na Jumamosi baada ya Jumamosi tukabeba mbao zilizotupwa nyuma ya maduka, tukajenga banda. Sitawanyima haki yao, banda lilipendeza. Lilikuwa na bati, mlango, komeo, na bango lililoandikwa jina la familia na neno *Ferme*, shamba kwa Kifaransa, kwa rangi nyekundu. Kilichokosekana ni mbuzi tu.

Hilo halikuzuia uzinduzi. Rais alivaa koti, akakata utepe, akahutubia bonde. Wakati anaeleza maono yake, tumbili mmoja alishuka kutoka kwenye uzio, akachukua ndizi zote za sherehe na mkate juu yake, akarudi kukaa alipokuwa. Huyo ndiye mnyama wa kwanza ambaye shamba letu lilimlisha. Picha zikarushwa kwenye makundi ya simu, na jamaa wa Kanada na Ubelgiji wakatupongeza, "*Félicitations*, wafugaji wetu!"

Mama alichungulia ndani ya banda, kisha akatazama barabara. Kwa desturi yetu mama mkwe na mkwe wake hawasemezani ovyo, heshima haiwaruhusu, kwa hiyo tulipokuwa tunarudi mimi ndiye niliyekuwa posta, nimeketi katikati yao.

"Uliza mukwe wangu, mbuzi iko wapi?"

"Mwambie Mama, *dossier* inaendelea," akasema mume wangu, akimaanisha makaratasi ya mradi.

"Mwambie *dossier* haikulaka majani."

Jumatatu yake aliniomba nimuulizie basi la Lubumbashi. Akifika huko, alisema, ataulizia njia ya kwetu, kana kwamba Kivu iko nyuma ya Lubumbashi kama choo nyuma ya nyumba. Nikaona mzaha umekwisha. Nikamuuliza swali ambalo kamati nzima, pamoja na vyeo vyake vyote, haikuwahi kumuuliza.

"Mama, wewe unataka kufuga nini?"

"Kobai," akajibu, kama mtu aliyengoja kuulizwa tangu mwaka jana.

Kobai, simbilisi kwa wengine, ni mnyama mdogo, mnene, asiye na mkia, ambaye huko kwetu hukimbia jikoni miguuni pa mpishi akila majani na maganda, mpaka siku anapoingia yeye mwenyewe sufuriani. Ng'ombe na mbuzi ni mali ya wanaume. Kobai ni wa akina mama na watoto, na mwanamume anayejiheshimu hamwiti mfugo. Rais alicheka mpaka akakohoa. Nilimwacha akohoe, nikamchukua Mama, tukaenda.

Tatizo ni kwamba Durban kobai hauzwi sokoni. Anauzwa kwenye duka la wanyama wa kubembelezwa, jirani na sweta za mbwa. Binti muuzaji alitupokea kwa sauti ya kumwimbia mtoto mchanga. Mama alimtoa dume mmoja, akampapasa mgongo, akambonyeza mapaja, akampima uzito mkononi.

"Huyu iko na nyama."

"Bibi anasemaje?" binti akauliza.

"Anasema ni mzuri sana," nikatafsiri.

Binti akatuonyesha kijumba cha kobai chenye ngazi, kisha mfuko wa majani makavu. Mama alishangaa majani kuuzwa katika mji ambamo yanajiotea hata chini ya robot, pale magari yanaposubiri taa ya kijani. Tulichukua dume na jike. Mwisho binti akauliza bibi atawaita nani.

"Chakula unaipatia jina juu ya nini?" Mama akaniuliza, akimhurumia yule binti.

"Bado anafikiri," nikasema.

Rais aliamuru wapelekwe bandani. Mama alimtumia ujumbe, kupitia kwangu, kwamba kobai hulala jikoni. Wakalala jikoni. Msimamizi wa jengo alipanda kuja kutukumbusha kwamba wanyama hawaruhusiwi, akamkuta Mama amechuchumaa anawalisha, akasema, "Eish, Gogo," jinsi Wazulu wanavyomwita bibi, akashuka zake. Kila alasiri Mama alikwenda kukata majani pembeni mwa barabara ya bandarini, na wapita njia wakadhani ameajiriwa na manispaa. Kamati nayo, kwa kuwa haikuwa na mfugo mwingine, ikawatwaa kobai katika mradi na kupitisha kwamba dume atachinjwa Krismasi, mbele ya wageni, kama mfano.

Jumamosi moja nilirudi mapema kutoka saluni. Nikafungua mlango. Nyuma yake hapakuwa na begi.

Nikawaza basi, Lubumbashi, mama yangu akiulizia njia kwa watu asiowajua. Kisha nikasikia sauti yake jikoni, anamgombeza mtu.

"Kula pole pole! Kila siku weye wa kwanza, kisha unalalamika."

Begi lilikuwa chini ya meza, wazi, limejaa majani, na yule dume amejilaza ndani yake akitafuna. Mama akamwita kwa jina, jina zima, la ubatizo na la ukoo. Lilikuwa jina la baba yangu.

"Na nguo zako, Mama?"

"Mu kabati," akasema bila kugeuka.

Nilikwenda kufungua kabati ili nihakikishe, na nikalia humo humo, uso ndani ya vitenge vyake.

Jioni kamati ilikaa kupanga Krismasi. Rais alikuwa kwenye habari ya kisu, nani atakinoa, wakati sauti ya Mama ilipotoka jikoni.

"Uliza mukwe wangu," aliniambia, kwa heshima zote, "kama ataweza kuchinja baba-mukwe yake."

Nikamweleza jina alilopewa dume. Mume wangu alitua kikombe, akatazama mlango wa jikoni, akafunga kikao kwa sala.